Mgeni Wetu wa Leo

Kila Alhamisi saa moja jioni nilikuwa nafungua kipindi kwa maneno yale yale: "Na mgeni wetu wa leo ni..." Halafu namtaja mtu anayeishi ploti ya tatu kutoka studio. Mtu ambaye asubuhi ya siku hiyo tulikuwa tumepanga laini pamoja kwa maji, kila mmoja na mitungi yake, tukilalamikia bei. Mgeni gani huyo?

Kiswahili kinatupa neno moja kwa watu wawili tofauti: yule uliyemkaribisha kwako, na yule usiyemjua. Miaka mingi ilipita kabla sijaanza kulisikia vizuri neno hilo kinywani mwangu mwenyewe. Nilipolisema nilikuwa nafanya kitu. Nilikuwa namchukua jirani, namketisha mbele ya maiki, namvalisha hedifoni zilizolegea, na kwa saa moja namgeuza kuwa mtu nisiyemjua. Na mtu usiyemjua unaweza kumuuliza chochote.

Kituo chetu ni redio ya jamii, mojawapo ya zile ndogo. Sitakitaja jina, na mbele utaelewa kwa nini. Studio ilikuwa chumba kimoja juu ya kinu cha posho. Trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, maiki mbili, kompyuta moja iliyopenda kuzima katikati ya matangazo ya vifo. Ilikuwa lazima mmoja wetu ateremke saa moja kasorobo kumsihi mwenye kinu asimamishe mashine, na siku akiwa na wateja wengi kipindi kilianza na mngurumo chini yake. Mgeni alipewa soda na mia mbili ya nauli, hata kama alikuja kwa miguu, na karibu wote walikuja kwa miguu. Sisi wenyewe hatukulipwa. Sisemi hivyo ili kujisifu. Kutolipwa kulitupa ile hisia hatari kwamba kwa kuwa hatupati kitu, basi hatuchukui kitu.

Mwaka wa 2013 mada ya mwezi ilikuwa malezi. Tukamwalika mama mmoja anayeuza chapati karibu na steji ya matatu. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, Mama Fulani, kwa hivyo tulipokubaliana kutotaja jina lake hewani, jina tulilolificha lilikuwa la mtoto. Jambo hilo lingetufundisha kitu kama tungekuwa makini. Tukamwita "Mama" tu, tukaona tumemaliza kazi. Tulificha jina tukaacha sauti, na sauti hiyo ndiyo mtaa mzima ulikuwa unaisikia kila jioni ikiita watu wanunue chapati zikiwa moto.

Alianza kwa mambo ya kawaida: karo, kodi ya nyumba, baba wa mtoto aliyeenda Mombasa kutafuta kazi na kupotelea huko. Halafu, bila mtu kumsukuma, akasema kuna asubuhi moja mtoto akiwa na miaka miwili alimwacha kwa jirani, akamwambia jirani anaenda kibarua, akateremka hadi Country Bus na kupanda basi la kwenda Nakuru. Alikuwa hana mpango wa kurudi. Alikaa huko siku tatu.

"Nilikuwa nimemchoka," akasema. "Wacha niseme tu ukweli. Nilikuwa nimemchoka huyo mtoto."

Nikamuuliza: "Ulipokuwa kwa basi, ulikuwa unamfikiria?"

Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi. Kwa laini ya maji singethubutu kumuuliza. Kwanza ni mkubwa kwangu. Pili, nilikuwa nakula chapati zake kwa deni. Lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka na yeye alikuwa mgeni.

Akanyamaza. Kwenye redio kimya kinatisha kuliko matusi, na fundi wetu wa mitambo alikuwa ananionyesha kwa mkono nijaze pengo kwa muziki. Sikujaza. Mwishowe akasema: "Hapana. Nilikuwa nalala. Nililala vizuri sana."

Katika miaka yote niliyokaa kwenye kile kiti sijawahi kusikia mtu akisema kitu cha kweli kiasi hicho. Simu zilifurika. Mwanamume mmoja akamtukana mpaka tukamkata. Mwanamke mmoja alipiga, akalia, akakata simu bila kusema chochote. Kesho yake nilipita kwa meza ya chapati kwa wasiwasi na nikakuta laini ndefu kuliko kawaida. Wengine walikuja kumwangalia tu, bila shaka. Lakini walinunua. Baada ya mwezi mmoja ilikuwa imeisha. Mtaa ulikuwa na mambo mengine: nyumba zilizobomolewa kando ya mto, mechi, harusi ya mtu na mtu.

Nataka nikae hapo kidogo, kwa hiyo "ilikuwa imeisha", kwa sababu nadhani ndiyo sehemu ya redio tuliyoipoteza bila kufanya matanga. Redio ya jamii inasikika padogo. Koch FM ya Korogocho, iliyoanza mwaka wa 2006 ndani ya kontena, na Pamoja FM ya Kibera zimetumia masafa yale yale, 99.9, katika jiji moja, kwa sababu mitambo yao ni midogo na wimbi la moja linachoka kabla ya kufika kwa mwenzake. Ukipanda matatu kwenda mjini, katikati ya sentensi mtangazaji anaanza kukwaruza, halafu anazimika. Tulizoea kuuona huo kuwa umaskini. Kila mkutano tuliombea mtambo mkubwa zaidi. Hatukuona kwamba mpaka huo ulikuwa pia ukuta wa nyumba. Mama yule aliongea mbele ya watu ambao kesho yake angewaona usoni, na ambao pia walikuwa na siri zao anazozijua yeye. Walikuwa wamemsikia akiimba akikanda unga. Walijua mtoto amekua, anavaa viatu, anaenda shule. Walisikia maneno yake yakiwa yameshikana na kila kitu kingine wanachokijua kumhusu.

Halafu maneno yakapotea, kama hewa inavyofanya. Aliyekosa kipindi alikuwa amekikosa. Aliyekisikia alibaki na "nilisikia", na "nilisikia" mtu anaweza kuibishia.

Mwaka wa 2020 Corona ikafunga studio. Hakuna wageni, na kipindi cha wageni bila wageni ni mtu mmoja anaongea na ukuta wa trei za mayai. Tukaamua kufungua podikasti. Tulikuwa na rekodi za zamani kwenye diski moja, nyingi zikiwa na mngurumo wa kinu, na wote wanne tulikubaliana bila kupiga kura ni ipi ingetangulia. Niliihariri mwenyewe. Kutoka saa nzima nikabaki na dakika ishirini, kwa sababu kila mtu alikuwa anasema vijana hawasikilizi kitu kirefu. Kichwa nilikiandika mimi: "Mama Aliyemtoroka Mwanawe."

Mtu atauliza kama nilimwomba ruhusa. Nilimpigia simu mara moja, namba ikawa haipatikani. Nikajiandikia kwenye daftari kwamba nilijaribu. Meza yake ya chapati ilikuwa mita mia mbili kutoka nyumbani kwangu na niliipita kila siku.

Alikuja Jumamosi moja mwaka wa 2023, likizo ya Agosti. Alikuja na chapati nne zimefungwa kwa karatasi, kwa sababu kwetu huendi kwa watu mikono mitupu, hata ukienda kuwalalamikia. Hakupandisha sauti.

"Kijana, yale maneno nilisema hapa yalikuwa ya hapa."

Nikamjibu kama mjinga: "Lakini Mama, tulitangaza kwa redio. Mtaa mzima ulisikia."

"Ulisikia, ikaisha. Sasa iko kwa simu ya mtoto wangu."

Mtoto alikuwa kidato cha pili, bweni, kaunti nyingine. Mwanafunzi mmoja anayetoka mtaa wetu alikuwa ameipata podikasti wakati wa likizo, akaitambua sauti. Shule ilipofunguliwa, kijana akapewa jina. Walimwita Mzigo, yaani ile kitu mtu huacha kwa jirani akisafiri. Alikuwa amevumilia muhula mzima bila kumwambia mamake chochote, halafu siku moja akiwa nyumbani, mama akimpakulia chakula, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni kweli ulilala vizuri?"

Mama aliposema hayo mimi nilikuwa naangalia zile chapati.

Ungedhani nilifungua kompyuta palepale nikafuta. Sikufuta. Nilimwambia lazima tukae kama kituo, tuamue. Tulikaa siku kumi. Najua hoja zote tulizotoa kwa sababu nyingi zilikuwa zangu, na bado sizioni kuwa za upuuzi.

Hoja ya kwanza ilikuwa na uso. Mwaka wa 2021 mwanamke mmoja kijana alinisimamisha sokoni. Alisema alisikiliza kile kipindi usiku, hedifoni sikioni, mtoto mchanga akilia chumba kile kile, na begi likiwa tayari limefungwa. Alisema ndiyo mara ya kwanza alisikia mtu mwingine akikiri hivyo, na kwamba asubuhi alilifungua begi. Sikumuuliza zaidi. Sasa pima wewe. Upande mmoja kijana anayeitwa Mzigo bwenini. Upande mwingine mtoto ambaye hatawahi kujua kwamba kulikuwa na begi. Wasee wa hesabu watasema jumlisha. Nilijaribu kujumlisha na nikagundua kwamba nilikuwa natumia shilingi za mtu mwingine. Kama mama angetaka kulipa bei hiyo kwa ajili ya mwanamke asiyemjua, ingekuwa heshima kubwa kwake. Mimi kumlipisha ni jambo lingine.

Hoja ya pili ilikuwa ngumu zaidi, na ilitolewa na mwenzetu mwenye akili kuliko sisi wote. Kabla ya uchaguzi wa 2022 mwanasiasa mmoja wa eneo letu alituma mtu atuombe tufute mahojiano ya miaka minne nyuma, ambamo aliahidi hewani kwamba taa za mulika mwizi zingewekwa mtaani kabla ya Disemba. Taa hazikuja. Tulikataa kufuta, na tulijivunia kukataa. "Sasa," mwenzetu akasema, "tukimfutia mama wa chapati, tutamwambia nini huyu? Kwamba tunafuta kwa tunaowapenda?"

Na historia iko upande wake. Wenye mamlaka hawajawahi kuidharau redio ndogo. Kituo cha kwanza cha jamii nchini, kule Homa Bay, kilianzishwa mwaka wa 1982 kwa msaada wa UNESCO, na serikali ikakifunga miaka michache tu baadaye. Ukizoea kufuta, watakaofaidika kwanza ni wale wenye watu wa kutuma.

Lakini nikiwaweka wale wageni wawili kando kwa kando naona kwamba hawakuleta kitu kimoja. Mheshimiwa alikuja studio kutuomba kura, na alichoacha mezani kilikuwa deni. Deni hudaiwa, na mdai ana haki ya kutunza daftari. Mama hakuwa anatuomba chochote. Alitupa. Tena alitupa kitu cha jioni moja, na sisi tukakichukua kiwe cha milele bila kumwambia kwamba ukubwa wake umebadilika. Mtu akikuazima sufuria ya harusi, haijawa yako kwa sababu tu uliibeba mbele ya watu.

Hata hivyo mstari huo haukatiki vizuri kila mahali, na sitaki kujifanya unakatika. Chukua vijana waliobadilika, wale waliokuwa wakiiba, wakaacha, na sasa wanaalikwa kila kituo kusimulia. Wasikilizaji wanawapenda sana, na sisi tuliwaalika sana. Kijana anasema tulikuwa watano, anasema tulikuwa tunafanya hivi na hivi, karibu na mahali fulani. Ni stori yake, ameikubali, anajivunia kuitoka. Lakini wale wanne hawakuja studio. Na katika mitaa kama yetu, ambapo vijana wamewahi kupigwa risasi kwa kushukiwa tu, "tulikuwa watano" si maneno ya kusimulia tu. Niliuliza maswali ya namna hiyo kwa miaka. "Na wenzako, wako wapi siku hizi?" Niliuliza hivyo, kweli, kwa sauti yangu ya Alhamisi.

John Mbiti aliwafundisha wengi kwamba mtu hawi mtu peke yake. Yupo kwa sababu wengine wapo. Tunalipenda wazo hilo, tunaliandika kwa fulana. Nadra tufikie mwisho wake mchungu: kama maisha yangu yameshonwa na ya wengine, basi hakuna stori yangu ambayo ni yangu tu, na ruhusa ninayotoa haitoshi kamwe. Mama alikuwa na haki ya kusema amechoka. Hakuna anayeweza kumnyang'anya hiyo. Lakini mtoto aliyechokwa pia alikuwa ndani ya sentensi hiyo, na siku ya kurekodi alikuwa na miaka mitano, ameketi nyumbani kwa jirani yule yule.

Je, basi kila mtu anyamaze mpaka ukoo mzima utie sahihi? Hapana. Hapo ndipo wapigaji wake na wanyanyasaji wangeshukuru kuliko wote. Mwanamke anayepigwa hahitaji kibali cha mume. Nadhani kinachobadilika ni nani anayebeba mzigo wa kufikiria. Mgeni akiwa amewaka moto wa kusema, hawezi kufikiria bweni la miaka kumi ijayo. Mimi niliye upande ule wa meza, nisiye na jasho mikononi, ningeweza.

Huwa namfikiria Henry Odera Oruka. Kuanzia miaka ya sabini, akiwa Chuo Kikuu cha Nairobi, alienda vijijini na kinasa sauti kuongea na wazee, wanaume kwa wanawake, aliowaona kuwa wanafalsafa. Ukiondoa ukubwa wa jambo, alikuwa anafanya kazi yetu: kumkalisha mtu wa eneo, kumuuliza, kurekodi. Na aliwataja majina. Mmoja wao alikuwa baba yake mwenyewe. Kitabu chake cha 1990, Sage Philosophy, kina majina yao, kwa sababu ugomvi wake ulikuwa na wale waliosema kwamba Mwafrika hafikiri peke yake, kwamba hekima yetu ni ya kabila zima, haina mwenyewe. Kutaja jina ilikuwa kumpa mtu heshima ya kuwa na wazo.

Kwa nini jina lililowainua wazee wale lingemwangusha mama wa chapati? Nimefika hapa: Oruka aliwauliza wanafikiri nini. Kuhusu Mungu, kifo, uhuru, usawa wa mwanamke na mwanamume. Sisi humuuliza mgeni nini kilimpata. Mtu wa Kilimani akialikwa kwenye podikasti anaulizwa maoni kuhusu uchumi. Wa mtaa wetu anaulizwa alilala wapi, alikula nini, nani alimtenda. Mmoja anatoa akili, mwingine anatoa majeraha, na wote wawili wanaitwa wageni wa leo. Sikumuuliza mama hata mara moja anaonaje: kama mzazi anaweza kumpenda mtoto na kumchoka kwa siku moja, kama kumwambia mtoto ukweli ni wema. Alikuwa na jibu, nina hakika. Aliishi ndani ya swali hilo miaka mitatu kabla sijamkuta.

Kuhusu sheria nitapita haraka, kwa sababu haikutusaidia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuomba habari zake zifutwe, na sheria hiyo hiyo inaacha mlango kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Mwenzetu mwenye akili alisoma sehemu zote mbili kwa sauti na kila mtu akabaki alipokuwa.

Kilichonitoa nilipokuwa ni kijana mwenyewe. Mamake alikubali niongee naye. Tulikutana nyuma ya steji, yeye na sweta ya shule ingawa ilikuwa likizo, mrefu kuliko mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha na nilianza, akanikatiza.

"Si ati nataka mfute," akasema. "Wasee wa shule washaidaunilodi. Mkifuta itasaidia nini?"

"Kwa hivyo unataka nini?"

"Pale kwa kurudi mlikata."

Sikumwelewa.

"Anasema ameenda. Anasema alilala. Halafu kuna muziki, halafu anasema alirudi. Hapo katikati mlikata. Mimi nataka kusikia ni nini ilimrudisha."

Alikuwa sahihi. Katika saa nzima ya mwaka wa 2013 kulikuwa na dakika kumi na moja za mama akieleza siku ya tatu, polepole, akirudi nyuma, akijisahihisha, akitaja majina ya barabara za Nakuru ambayo hayakuwa na maana kwa mtu mwingine. Nilizikata kwa sababu zilikuwa zinavuta. Niliacha kutoroka kwa sababu kutoroka kulikuwa na nguvu. Kwa hivyo kijana yule alikuwa amesikia kwa sauti ya mamake sababu zote za kuachwa, na hakusikia hata moja ya kurudiwa. Hiyo haikuwa kazi ya wanafunzi wenzake. Ilikuwa kazi ya kisu changu.

Jioni hiyo niliitoa podikasti mtandaoni bila kusubiri kikao, na wenzangu wawili walikasirika, kwa haki. Halafu nikaitafuta rekodi nzima kwenye ile diski. Ilikuwepo, na mngurumo wa kinu chini yake. Nikaisikiliza mara moja. Nikaiweka kwenye flashi na kumpelekea mama, siyo kijana, kwa sababu kama kuna mtu wa kuamua aipokee lini na vipi, si mimi tena. Aliipokea kwa mkono wenye unga, akaiweka ndani ya kile kikopo cha chenji, akaendelea kugeuza chapati. Sikuuliza. Sijui kama waliisikiliza.

Alichosema kwenye zile dakika kumi na moja sitakiandika hapa.

Na haya niliyoyaandika? Ni haki mtu aulize. Nilimsomea mama insha hii yote, tumeketi kwa benchi lake, wateja wakitukatiza. Nimebadilisha vitu kadhaa ambavyo angetambulika navyo. Biashara yake si chapati, na Nakuru si Nakuru. Kijana alisema nisiandike jina halisi walilompa shuleni, niandike lingine linalofanana. Mama alinitolea aya moja nzima iliyokuwa hapo juu, niliyodhani ndiyo bora kuliko zote. Alisema, "Hii toa." Nikamuuliza kwa nini, kwa mazoea. Akaniangalia tu.

Siku hizi kipindi kinaendelea, Jumamosi badala ya Alhamisi. Mgeni anaongea moja kwa moja hewani kama zamani, kisha tunasubiri wiki moja. Baada ya wiki namtafuta, kwa miguu, namwekea hedifoni, anasikiliza alichosema kabla hakijaenda kwa podikasti. Wenzangu wanalalamika kwamba tunapoteza vitu vizuri, na ni kweli tunavipoteza. Mwezi uliopita tulikuwa na mzee mmoja anayechota taka, anaongea kama chemchemi. Alisimulia kuhusu ndugu yake kwa namna iliyofanya fundi wa mitambo asahau kuangalia saa. Wiki iliyofuata alisikiliza mpaka mwisho, akavua hedifoni, akasema yale ya ndugu yake tuyaondoe, kwa sababu ndugu mwenyewe bado yuko hai na hawajaongea. Tulipoyaondoa zikabaki dakika tisa, nyingi zikiwa kuhusu bei ya plastiki kwa kilo. Tukazipandisha hivyo hivyo. Wamesikiliza watu arobaini na wawili.